Shangazi Aliyeshona Kona za Mbao

Kiangazi kilichopita nilikwenda Kabambare kwenye matanga ya baba yangu. Kutoka Kasongo nilipanda pikipiki, na barabara ile unaijua mwenyewe: sehemu nyingine dereva anakuomba ushuke utembee, yeye asukume. Nilifika nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi, nikakaribishwa kwenye mkeka kati ya wanawake nisiowafahamu. Nilimsikia mmoja akiuliza kwa sauti ya chini huyu ni nani, na mke wa baba akajibu, "Njo ule wa Kasongo," yaani ndiye yule wa Kasongo. Basi.

Waliponiletea maji ya kunywa niliinua macho, na pale ukutani, juu ya kiti alichokuwa akikalia baba, niliona fremu ya picha. Ndani yake baba bado kijana, shati limefungwa mpaka shingoni. Pembeni yake mkewe, na mapajani mwa mkewe mtoto mchanga mwenye kofia nyeupe. Nitakuambia jambo ambalo mtu mwingine angeliona la ajabu: nilitazama kona kabla ya kutazama sura. Kona zote zilikuwa zimefunga, hakuna ufa hata wa kupitisha unywele. Na katika kila kona kulikuwa na kistari cheusi cha mti mgumu, kimekatiza kutoka ubao huu kwenda ubao ule kama mshono. Fremu ile niliitengeneza mimi, nikiwa msichana mdogo, barazani kwa shangazi yangu mjini Kasongo.

Acha nikusimulie, maana siku zile za matanga sikuwa na wa kumsimulia.

Nilipelekwa Kasongo kabla sijamaliza kung'oka meno ya utoto. Mama yangu alikuwa amefariki pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni, na baba hakujua afanye nini na mimi. Wakati huo vijana wote wa kwetu Kabambare walikuwa wanaelekea Salamabila kutafuta dhahabu, naye akaona njia ni hiyo. Alinikalisha nyuma ya baiskeli juu ya mto wa majani makavu ya ndizi, tukasafiri, yeye anasukuma kwenye vilima, mimi nashika shati lake. Tulipofika alininong'oneza, "Utabakia kwa shangazi kidogo. Nikipata kitu kule, nitarudi kukuchukua." Neno lile "kidogo" nililibeba kwa muda mrefu. Nilikuwa nalitoa usiku na kulitazama, kama mtoto mwingine anavyotazama peremende aliyoificha.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Aliolewa zamani katika familia ya Waislamu wa mjini, na mumewe alikuwa fundi wa fremu za picha, au kadre, kama tunavyoziita kwetu. Hawakujaliwa mtoto. Mume alipofariki aliacha msumeno wenye meno madogo, randa, patasi, na kile kisanduku chenye nyufa za mshazari kinachouongoza msumeno ili ubao ukatwe upande. Eda ilipokwisha, shangazi alikaa kwenye kigoda cha marehemu, akauchukua msumeno, akaanza. Watu walicheka: mwanamke na randa! Halafu wakazoea, kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mrefu, mwembamba, mikono yake imejaa magamba ya gundi iliyokauka, akisugua viganja gundi inadondoka kama magamba ya samaki. Akifanya kazi aliimba polepole nyimbo za Kibangubangu za kwetu, nyimbo za kulimia, ingawa miaka mingi alikuwa hajashika jembe. Akiona mtu anakuja ananyamaza.

Nyumba yetu watoto wa jirani hawakuingia. Nitakueleza kwa nini. Siku hizo, mtu akifariki, familia inatafuta picha yake popote: picha ya shule, picha ya ubatizo, hata kipande kilichokatwa kwenye picha ya harusi ya watu wengine. Wanaileta kwa shangazi ili iwe imewekwa kwenye fremu kabla ya arobaini, au kabla ya misa ya kumaliza matanga. Fremu zikiwa tayari, shangazi alizitundika ukutani ndani zikisubiri wenyewe. Kwa hiyo ukuta wetu ulikuwa umejaa sura za watu waliokwisha kuondoka. Watoto walisema nyumba ile ni ya wafu, na mimi nalala nao.

Na kulikuwa na harufu. Shangazi alipika gundi mwenyewe, kwa vipande vya ngozi ya ng'ombe na mbuzi alivyopewa na wachinjaji sokoni. Vipande vinalowekwa, vinachemshwa ndani ya kopo lililosimama kwenye sufuria ya maji, polepole, mpaka vinakuwa kama uji wa rangi ya chai. Harufu yake inashika nywele na nguo na daftari. Shuleni wasichana walibana pua, wakaniita "mutoto wa kole", mtoto wa gundi. Mwalimu aliwakataza, lakini mwalimu hawezi kumlazimisha mtu akae karibu nawe. Nilikaa kwenye benchi peke yangu. Jioni nilisikia wenzangu nyuma ya ua wakicheza michezo ya kupiga makofi, na kwa sababu nilijua nyimbo zote nilipiga makofi upande wangu, taratibu, wasinisikie.

Basi nikawa nazungumza na zile picha. Mzee mmoja mwenye kanzu nilimfanya mjomba. Msichana mmoja wa komunyo ya kwanza nilimfanya dada. Familia yake ilipokuja kumchukua nililia, na shangazi aliniangalia kwa mshangao, akasema tu, "Usiwasemeshe sana. Wenyewe wanakuya kuwachukua." Halafu akanipa karanga alizokuwa anakaanga, nikanyamaza.

Kazi zangu za nyumbani zilikuwa za mtoto yeyote. Maji kisimani asubuhi, ubaridi wa ndoo kichwani. Kutwanga sombe, yaani kisamvu, mpaka kinu kinatoa sauti laini, ndiyo unajua majani yamelainika. Kuchekecha unga wa muhogo. Ijumaa tulikula wali na samaki wa mto Lualaba kwa mawese, adhana ikisikika upande huu na kengele ya misheni upande ule, na pikipiki za taksi zikipiga honi katikati. Shangazi alikula kidogo, akanisogezea kichwa cha samaki. Alijua napenda macho.

Sasa nisikilize kuhusu kona, kwa sababu bila kona hakuna hadithi. Ubao wa fremu unakatwa mshazari kwenye ncha, na ncha mbili zikikutana zinafanya kona nzuri, safi, jicho halioni mahali ubao mmoja unapoishia. Lakini kona ya namna hiyo ni dhaifu. Ncha ya ubao ina matundu madogo madogo, inakunywa gundi kama mchanga unavyokunywa maji, na juu ya uso wa ubao haibaki gundi ya kushika. Marehemu mume wa shangazi alipigilia vimisumari vyembamba vilivyoletwa na wafanyabiashara. Wakati wangu vimisumari hivyo havikufika tena Kasongo, na vile vinene vilipasua mbao. Shangazi akabaki na gundi peke yake. Fremu zikitoka barazani zilikuwa nzuri. Ikija kiangazi, mbao zinakauka, kona zinaanza kufunguka.

Mwanamke mmoja muuza mihogo, wa upande wa misheni, alikuwa ametengenezewa fremu ya binti yake. Binti alikufa kwa homa, na picha ile ilikuwa moja tu duniani. Siku moja, mvua za kwanza zilipoanza na paa linavuja, kona ya juu iliachia. Kioo kikaanguka, picha ikaangukia kwenye maji sakafuni. Yule mama alikuwa shambani. Aliporudi, uso wa binti ulikuwa umeoshwa wote.

Alikuja kwetu. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyotuumiza. Aliweka vipande vya mbao barazani, kimoja kimoja, akaweka na karatasi iliyokunjamana, akakaa chini. Shangazi alimwambia, "Mama, pole." Yeye akajibu, "Ndiyo, pole." Wakakaa hivyo, wawili, mpaka kuku wakaingia kulala. Halafu yule mama akainuka na karatasi yake akaenda.

Shangazi aliacha kazi. Watu walikuja na picha zao, akawaambia gundi imeisha. Haikuwa imeisha. Baraza lilikuwa kimya, nami sikuwa nimejua kwamba ningeweza kuitamani ile harufu niliyoichukia. Alikuwa anashinda jikoni, anapanga vilivyopangwa, anafagia palipofagiwa. Siku moja alikuwa anarekebisha ungo uliokatika ukingo, anapitisha ukili kutoka upande huu kwenda ule na kuvuta. Akasimama katikati ya kuvuta. Aliutazama ungo kwa muda, akaniita.

"Mama," aliniambia, maana nilipewa jina la mama yake na ndivyo alivyoniita akiwa na furaha, "hii iko nashika ju ya nini?"

"Ju ya ukili."

"Ukili unafanya nini?"

Sikujua anataka nini. Nikasema, "Unapita pande zote mbili."

"Njo vile," akasema. "Kona yetu haina kitu yenye kupita pande zote mbili."

Alichukua fremu mbovu, akaifunga imara kwenye benchi, akachanja kona kwa msumeno kutoka nje kwenda ndani, mchanjo mwembamba unaokata mbao zote mbili. Halafu akachonga kipande cha mvule, chembamba kama ukucha, akakipaka gundi, akakisukuma ndani ya mchanjo. Alikiita ulimi. Usifikiri alifaulu hapohapo. Ulimi mnene ulipasua kona. Mwembamba ulicheza. Mwingine ulivunjika kwa sababu nyuzi za mti zilifuata kiungo badala ya kukikatiza, na huo ulimuumiza roho, kwa sababu alikuwa ameuona mzuri. Mimi nilikaa mbele yake nikishikilia fremu, goti langu kwenye goti lake. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa kazi ile, akaniachia mimi kuuingiza ulimi. Aligundua pia kwamba ncha za mbao lazima zinyweshwe kwanza gundi nyepesi, zishibe, ndipo zipakwe ile nzito. "Wanyweshe kwanza," aliniambia kila mara, kana kwamba mbao ni mbuzi.

Fremu ya kwanza iliyotupendeza aliifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli mpaka ikakauka, akaitundika tupu jikoni juu ya moto, kwenye moshi na joto. Halafu akaihamishia nje chini ya paa, ipate mvua ya upepo. Kila asubuhi tuliitazama kabla hatujaosha uso. Kona hazikusogea.

Ndipo alipojifunga kanga yake nzuri, tukaenda upande wa misheni. Yule mama alikuwa anamenya mihogo mlangoni. Shangazi alimwomba ile karatasi. Mwanamke alisema haina sura tena. Shangazi akasema, "Ninajua. Unipatie vilevile." Aliitengenezea fremu pana ya mvule, ndimi kwenye kona zote, akaipiga msasa mpaka ikawa laini kama ngozi, akaisugua nta ya nyuki. Ndani kulikuwa na gauni la msichana, mkono mmoja umeshika ua la karatasi, na mahali pa uso wingu jeupe. Nilikuwepo yule mama alipoipokea. Alipitisha kidole juu ya kioo, akakisimamisha pale penye ule mkono.

"Mukono njo wake," alisema. "Angalia. Njo mukono yake."

Tangu siku hiyo kazi ilirudi, na watu walileta hata fremu za zamani kushonwa. Mimi nikawa mtu wa ndimi. Nilizichonga baada ya shule, nikazipanga kwenye sinia. Siwezi kukudanganya kwamba upweke uliisha. Kazi ile inataka mtu anyamaze, na sisi wawili tulikuwa hodari wa kunyamaza. Lakini kulikuwa na goti lingine karibu na goti langu.

Baba mwanzoni alikuja mara kwa mara, na sabuni, na kitenge. Kisha akawa anatuma watu. Kisha akawa hatumi. Nilikuwa nakwenda mahali pikipiki za Salamabila zinaposhusha abiria, karibu na soko, najifanya natafuta kuni. Niliangalia viatu vya wanaume wanaoshuka, maana nilikuwa nimeanza kuchanganya sura yake na sura za ukutani.

Halafu dereva mmoja alileta habari: baba yako anakuja. Shangazi alinisuka nywele. Nilifua nguo zangu, nikazikunja ndani ya kitenge kile alichonipa zamani, nikafunga fundo. Shangazi aliniona. Alinipikia mayai ya njiani, akayaweka kwenye majani ya ndizi.

Baba alifika adhuhuri, kwa pikipiki yake mwenyewe, ananukia manukato. Alikuwa amenenepa. Aliniletea biskuti na ndara nyekundu, nzuri, lakini kisigino changu kilibaki nje. Alikuwa amepima kwa mguu wa yule mtoto aliyempakia kwenye baiskeli. Nilimwambia zinanitosha. Niliingia ndani kuchukua mzigo wangu, nikasimama nao nyuma ya mlango nisubiri kuitwa, na hapo nikamsikia anafungua bahasha.

"Yaya, unitengenezee kadre ya muzuri," alimwambia shangazi, maana ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa. "Hii njo familia."

Nilichungulia. Shangazi alikuwa ameishika picha mbali na macho, kama alivyoshika picha zote.

"Na huyu?" akauliza.

"Nani?"

"Huyu mwenye kusimama nyuma ya mulango na muzigo yake. Iko wapi ku picha?"

Baba alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyaga kitu gizani. "Yaya, picha walitupiga kule. Yeye alikuwa huku."

"Utamuchukua?"

"Kule si fasi ya mutoto mwanamuke. Vumbi, pombe, watu wa kila namna. Mara ingine. Acha nijenge kwanza."

"Ulishajenga," shangazi akasema. "Ninaona nyumba nyuma yenu."

Baba alitoa kitambaa akafuta shingo, akasema ataondoka kesho yake mchana, kama kadre itakuwa tayari. Halafu akaenda kusalimia watu mjini.

Shangazi alinikuta nimekaa kitandani. Alisema kazi ile ataifanya peke yake, mimi nipumzike. Nikasema hapana, nitaifanya mimi. Hatukubishana. Nilikata mbao kwenye kile kisanduku, ncha zikakutana vizuri kuliko siku zote. Niliwanywesha. Nilipaka gundi, nikafunga kwa mpira. Asubuhi nilichanja kona, nikachagua kutoka kwenye sinia ndimi nyeusi kuliko zote. Unaweza kuniuliza nilikuwa na hasira au la. Nilikuwa nayo. Lakini nilimkumbuka yule mama na karatasi yake, na yule mtoto wa kofia nyeupe hakuwa amenikosea. Tena kulikuwa na jambo jingine, sikulijua jina lake wakati huo: nilitaka kitu cha mikono yangu kiingie katika nyumba ile na kikae.

Baba alipokuja aligonga kioo kwa ukucha, akageuza fremu huku na huku. "Muzuri sana, Yaya. Aksanti."

"Usinishukuru mimi," shangazi akasema.

Baba alinitazama mara moja, haraka, akawa anashughulika na kamba ya pikipiki. Alihitaji nguo ya kuifungia fremu isigongwe njiani. Shangazi alisema hana. Mimi nikaingia ndani, nikafungua fundo la mzigo wangu, nikaacha nguo kitandani, nikamletea kile kitenge. Aliifunga vizuri, akaipakata mbele yake kama mtoto, akaondoka. Yale mayai shangazi na mimi tuliyala jioni.

Kesho yake shangazi aliniamsha mapema. Alinivisha gauni la sikukuu, akanipaka mafuta usoni, akanishika mkono mpaka kwa mpiga picha wa pale karibu na soko. Nilifikiri tutapigwa wote wawili. Mpiga picha naye alifikiri hivyo, akaweka viti viwili mbele ya pazia. Shangazi akakiondoa kimoja.

"Mama, kaa na mutoto," mpiga picha alimwambia. "Itakuwa muzuri."

"Mimi na picha, hapana."

"Ju ya nini?"

"Wenye ninawatengenezeaka kadre, wote walishaenda," alisema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Ninaogopa."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema anaogopa kitu. Alikwenda kusimama pembeni, nyuma ya bega la mpiga picha. Mimi nilikaa kwenye kiti nikiwa nimenuna, machozi ya jana bado yako karibu. Mpiga picha alisema cheka, sikucheka. Basi shangazi yangu, mwanamke yule mrefu mkimya, akavuta mashavu, akafumba jicho moja, akaanza kunyonga kiuno taratibu, kama wasichana wa mchezo wa makofi nyuma ya ua. Nilicheka mpaka nikasahau kutazama mashine. Picha ililetwa baada ya muda mrefu, ilisafishwa Kindu ikarudi na lori. Aliitengenezea fremu mwenyewe, hakuniruhusu kugusa hata ulimi. Ninayo mpaka leo. Watu wakiingia kwangu wanauliza kwa nini mtoto anatazama pembeni, anacheka na nani. Ninawaambia.

Niliendelea kuishi naye mpaka nilipomaliza shule ya masista na kwenda Kindu kujifunza uuguzi. Baba alihamia tena Kabambare na mkewe, akapita kwetu mara chache, siku zote na haraka. Mimi na yeye tulikuwa kama watu wanaokutana kwenye kivuko, kila mmoja anaelekea ng'ambo yake. Kisha simu zikafika, picha zikahamia ndani ya simu. Sokoni zikaja fremu za plastiki zenye rangi ya dhahabu. Shangazi alibaki na wateja wazee, halafu wazee nao wakapungua. Kila nikirudi likizo nilikuta kopo la gundi limekauka zaidi chini.

Alifariki katikati ya mvua. Nilipigiwa simu nikiwa kazini. Kutoka Kindu njia ilikuwa tope, lori lililala njiani, nikafika wameshazika. Ndugu wa mumewe walikuwa wameshagawana vitu, kama desturi yao, na sikugombana nao. Msumeno ulichukuliwa na mtu wa kijijini, kisanduku cha mshazari kilikuwa kimetumiwa kuwashia moto wa matanga, maana aliyekitia jikoni aliona ni mbao tu. Siku hizi pale barazani wanachaji simu. Muziki unapigwa tangu asubuhi, vijana wamejaa, na kusema kweli ni mahali penye furaha kuliko enzi zetu.

Niliomba kitu kimoja tu: picha yake. Hakuna aliyekuwa nayo. Nilizunguka mtaa wote, nikavuka mpaka upande wa misheni, nikaenda kwa watoto wa yule mpiga picha, nikauliza kwa masista. Hata kadi yake ya kupigia kura ilikuwa imepotea pamoja na nguo. Kila nyumba niliyoingia walinikaribisha kiti, na juu ya kiti hicho kulikuwa na fremu yake, ndimi nyeusi kwenye kona, na ndani sura ya mtu wao. Niliona wazee wote niliowafanya wajomba. Wamehifadhiwa wote, wakavu, hawajaanguka. Yeye hayupo.

Kwa hiyo nikiwa peke yangu, zamu ya hospitali imekwisha, najaribu kumkusanya. Paji pana. Kovu dogo chini ya kidevu, alilopata kwa patasi. Meno ya juu yaliyoachana kidogo, alikuwa anapitisha uzi pale akishona. Macho naweza, ila sio siku zote. Zamani nilimwona mzima mara moja, nikifumba macho tu. Sasa namtafuta kipande kwa kipande, na kila mwaka kuna kipande kinachokosekana, wala simu siwezi kumpigia mtu anikumbushe, kwa sababu tulikuwa wawili tu. Alipenda kuchomeka penseli kwenye kilemba, juu ya sikio, akisahau mpaka analala nayo. Mwaka huu nimekaa nikafikiri sana, sikumbuki tena lilikuwa sikio la upande gani.